Nimeomba kuona kitabu cha adhabu shuleni kwa mwanangu, mstari wa mwisho umeandikwa 2019

Mama wa Kibirizi:

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie hadi mwisho, maana ninachouliza kiko mwishoni.

Nauza dagaa na migebuka mwaloni Kibirizi. Jumanne ya wiki mbili zilizopita boti zilichelewa kuingia, nikarudi nyumbani giza limeshatanda. Nikakuta watoto wamepakua ugali na mgebuka wa mawese, wanakula. Binti yangu wa darasa la sita anakula kwa mkono wa kushoto. Sisi watu wa Ujiji mtoto hali kwa kushoto, hilo analijua tangu anatambaa. Nikamkemea. Hakunijibu, akazidi kuuficha mkono wa kulia chini ya kanga. Nikauvuta niuone. Kiganja kimevimba, vidole havikunjiki, na upande wa nyuma wa mkono kuna mistari mitatu imevilia damu. Nilipomvua gauni nikaikuta mingine mgongoni.

Alipewa hesabu kumi na tano za sehemu, akakosa kumi na moja. Akachapwa kumi na moja. Kwa kipande cha mpira wa maji, na mwalimu wa kiume. Darasa zima lilichapwa kwa hesabu hiyo hiyo, kila mmoja na idadi yake ya makosa.

Usiku ule nilimkanda kwa maji ya chumvi, sikulala. Asubuhi nilikwenda polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, tukaenda kutibiwa, na namshukuru Mungu hakuna mfupa uliovunjika. Ni pale polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, askari mmoja wa kike aliponiambia: "Mama, ukifika shuleni omba wakuonyeshe kitabu cha adhabu. Uangalie kama hivyo viboko vimeandikwa."

Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Shule, huu mwaka wa tatu. Nimekaa vikao vya madawati, vya choo, vya uji wa watoto. Kitabu cha adhabu sikuwahi kukisikia, na hilo linaniuma karibu sawa na ule mkono.

Mwalimu mkuu ni mama mtu mzima, namheshimu, hakunificha. Alifungua kabati, akatoa makaratasi ya mitihani, chini kabisa akavuta kaunta buku lililovalishwa karatasi ya kalenda. Ndani mistari imepigwa kwa rula na kalamu nyekundu: tarehe, jina la mwanafunzi, darasa, kosa, idadi ya viboko, jina la mwalimu, saini ya mwalimu mkuu. Mstari wa mwisho ni wa Machi 2019. Mvulana wa darasa la saba, kosa kupigana, viboko viwili, saini. Baada ya hapo kurasa tupu, zimegandana kwa unyevu.

Nikamuuliza, mwalimu, tangu 2019 hakuna mtoto aliyechapwa hapa? Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mama, tukiandika kila kiboko, tutafundisha saa ngapi?"

Jibu hilo sijaweza kulitoa kichwani. Sitaki kijana wa watu aozee gerezani. Nataka kujua sheria inasemaje hasa kuhusu kile kitabu, na naanzia wapi kumlazimisha mtu akiandike. Nawasilisha.

Mwembe wa Ujiji:

Pole sana dada yangu, mkono kuvimba kiasi hicho si sawa, na mpira wa maji si fimbo. Ila tusiende mbali. Sisi tuliosoma miaka ya themanini tulichapwa na leo ni watu. Watoto wa siku hizi ukiwaachia hawakamatiki. Mwalimu akiogopa kushika fimbo kwa ajili ya daftari, nani atawanyoosha? Kaeni na mwalimu mkuu yaishe, usimharibie kijana kazi.

Msaidizi wa Sheria Kasulu:

Mama pole, na hongera kwa kwenda polisi kwanza. PF3 ni ushahidi uliochukuliwa mapema, itunze, na upige nakala.

Nikujibu ulichouliza. Viboko shuleni Tanzania Bara havijafutwa. Vinaruhusiwa chini ya Sheria ya Elimu, Sura ya 353, na namna ya kuvitoa imewekwa kwenye Kanuni za Adhabu ya Viboko, Tangazo la Serikali Na. 294 la 2002. Ni kanuni fupi. Soma tukio la binti yako ukizifuatisha.

Kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, au kosa zito linaloweza kuivunjia shule heshima. Kukosa hesabu za sehemu si utovu wa nidhamu kwa tafsiri yoyote ninayoijua mimi. Kifaa ni fimbo nyepesi inayopindika, basi. Mahali ni kiganjani au makalioni juu ya nguo. Mgongo haumo, nyuma ya mkono haumo. Idadi haizidi minne kwa tukio moja, na hata hiyo minne iangaliwe na umri, jinsia na afya ya mtoto. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na hata mwenye idhini hiyo anahitaji kukubaliwa na mkuu kila mara anapotaka kuchapa. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike hata mmoja.

Halafu ndiyo kitabu. Kila tukio liandikwe: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa. Na kila mstari mkuu wa shule autie saini. Mwalimu au mkuu anayekiuka anachukuliwa hatua za nidhamu, imeandikwa humo humo.

Juu ya kanuni hizo kuna Katiba, ibara ya 13(6)(e), inayokataza mtu kuteswa au kupewa adhabu ya kumtweza. Kuna Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, kifungu cha 13, kinachosema kumrekebisha mtoto hakukubaliki kukipita kiasi kwa umri wake na hali yake ya mwili na akili. Na kuna Kanuni ya Adhabu, yaani ile sheria ya makosa ya jinai, ambako jeraha kama la binti yako linaweza kuitwa shambulio la kudhuru mwili. Kwenye jeraha kama hilo joho la ualimu halimkingi mtu.

Kwa hesabu yangu, tukio moja limevunja kanuni tano au sita kwa mpigo.

Chaki Nyeupe:

Mimi ni mwalimu wa msingi, wilaya ya Uvinza, mwaka wa nane kazini. Mama, nakuomba radhi kwa niaba ya wenzangu, na nasema hivyo kwa dhati.

Niwaambie jinsi mambo yalivyo darasani. Darasa langu la tatu lina watoto mia moja na thelathini na wawili. Madawati yanawatosha nusu, wengine wanakaa chini, mgongo wa huyu kwenye magoti ya yule. Nina vipindi sita kwa siku. Fimbo ipo mezani tangu nilipofika, niliikuta pale. Mwalimu niliyempokea darasa aliniachia chaki, rejesta na fimbo, vyote kwa pamoja. Hakuna aliyeniambia niandike mahali.

Zile kanuni ambazo ndugu wa Kasulu kaziweka hapa, ndiyo kwanza nazisoma leo. Chuo nimemaliza, miaka minane nimefundisha, nimekaguliwa mara mbili. Nimezisoma mara tatu tangu mchana. Nimewahi kuchapa zaidi ya minne. Nimewahi kuchapa wasichana wakati shuleni kuna walimu wa kike. Siandiki haya nijitetee.

Ila naomba mjue na upande huu: siku mtoto akianguka akiwa mikononi mwangu, atakayesimama mahakamani ni mimi peke yangu. Aliyenipa watoto mia na thelathini hatakuwepo.

Mama wa Kibirizi:

Mwalimu Chaki Nyeupe, nimekusoma na nimekuelewa. Asante kwa kusema. Natamani mwalimu wa binti yangu angesema hata nusu ya hayo.

Kaka Mwembe, mimi pia nilichapwa. Nilichapwa nikiwa darasa la nne kwa sababu sikuwa na viatu, na mama yangu hakuwa na hela ya viatu. Hadi leo sijui niliyonyooshwa ni kitu gani.

Mstaafu Isevya:

Mwangaluka wote. Naandika kutoka Tabora, nimestaafu ualimu, umri umeenda, mtanisamehe nikirefusha.

Nilianza kazi kabla ya UPE, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulioanza Novemba 1977. Ulipoanza, watoto walimiminika. Nilipokuwa nafundisha arobaini, ghafla wakawa tisini, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wanafundisha ili kujaza nafasi. Nawaheshimu, wengi walikuwa watu wa kazi kweli. Lakini ndio wakati nilioiona fimbo ikitoka ofisi ya mwalimu mkuu na kuingia madarasani. Kabla ya hapo, kwa shule nilizopita, fimbo ilikaa ofisini. Mtoto akikosa sana, unampeleka. Unaeleza kosa mbele yake. Mwalimu mkuu anamuuliza na yeye. Akiamua, anafungua kitabu, anaandika KWANZA, ndipo anachapa.

Enzi zile kanuni iliruhusu hadi sita. Baadaye wakapunguza hadi nne. Lakini niliyejifunza kazi kwake alikuwa anasema, ukishaandika jina la mtoto kwa mkono wako, na kosa lake, hasira yako imeshapungua nusu. Mara nyingi alifunga kitabu akamwambia mtoto, nenda kafyeke.

Mwalimu mkuu wa huko kwa mama amesema wakiandika hawatafundisha. Mimi nimekuwa mwalimu mkuu miaka kumi na mmoja. Ukiona viboko ni vingi hadi muda wa kuviandika hautoshi, hapo shule haiendeshwi tena kwa kanuni ile, maana kanuni ile ilikusudia viboko vichache mno. Kuandika ndiyo breki yenyewe. Aliyeacha kuandika amekata breki, na gari ina watoto.

Mwalimu Chaki, mwanangu, usikate tamaa. Omba idhini yako kwa maandishi. Mkuu wako akikataa kuandika, basi usichape.

Tumbaku Chungu:

Niongeze la huku Urambo. Miaka kadhaa nyuma kulikuwa na mwalimu, jirani yangu, sitamtaja. Mtoto mmoja alirudi nyumbani analalamika kiuno, mzazi akaja juu, akasema mwalimu kamvunja mtoto. Kijiji kizima kikaamini. Wakataka kumchomea nyumba.

Kilichomwokoa ni hicho hicho kitabu. Mwalimu mkuu alikuja nacho kwenye mkutano wa kijiji. Imeandikwa: viboko viwili, kiganjani, kosa kumpiga mwenzake jiwe, tarehe, saini. Kumbe tarehe ile ilikuwa siku nne kabla ya kiuno kuanza kuuma. Mtoto akaulizwa taratibu na bibi yake, akasema alianguka toka kwenye mkokoteni wa tumbaku akisaidia shambani. Mzazi alilia mbele za watu.

Sasa kama kurasa zingekuwa tupu, mwalimu yule angejitetea na nini? Watu wanadhani kitabu ni cha kumkamata mwalimu. Huku kwetu kilimtoa kwenye moto.

Kidato Tano:

Samahani nachanganya mada kidogo. Shule binafsi niliyosoma imekataa kunipa cheti kwa sababu ya deni la ada, na sehemu nyingine wadogo zangu wanarudishwa nyumbani kwa michango wakati elimu msingi ilifutiwa ada na michango ya lazima kwa Waraka Na. 5 wa 2015, na kidato cha tano na sita ada imefutwa tangu 2022. Hii nayo mnaionaje?

Mama wa Kibirizi:

Mdogo wangu, hilo ni zito na linahitaji uzi wake, tafadhali ufungue, nitakuja kuchangia. Hapa naomba tubaki kwenye kitabu.

Stesheni ya Nguruka:

Mama, mimi nina hofu moja. Nimezisoma kanuni hizo hizo. Kuna mahali zinasema mwanafunzi akikataa kiboko, au mzazi akikataa kwa niaba yake, mtoto anaweza kuondolewa shuleni. Je, ukienda kulalamika hawatasema umekataa adhabu, wamtoe binti? Darasa la sita, bado mwaka mmoja afanye mtihani wa taifa. Mimi kwa mwanangu niliogopa nikanyamaza. Hadi leo najiuliza kama nilifanya vizuri.

Msaidizi wa Sheria Kasulu:

Swali zuri sana, na ndilo linalowafunga midomo wazazi wengi. Kifungu hicho kipo kweli. Lakini kinahusu kukataa adhabu iliyotolewa kwa kufuata kanuni: kosa kubwa, idhini, visivyozidi vinne, fimbo nyepesi, na mengine yote. Adhabu aliyopewa binti wa mama huyu haina hata moja ya hayo, kwa hiyo hakuna adhabu halali aliyoikataa. Na hakukataa kabla, amelalamika baada ya mtoto kuumizwa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Barua yako iandike hivyo hivyo: "Silalamikii mtoto kuadhibiwa, nalalamikia kanuni kuvunjwa", utaje kanuni moja moja.

Kuhusu njia. Barua ya kwanza kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mwenyekiti wa Kamati ya Shule na Afisa Elimu Kata. Peleka mwenyewe, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Usipojibiwa, kwa Afisa Elimu Msingi wa halmashauri. Nidhamu ya mwalimu wa serikali iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015, nayo ina ofisi wilayani. Afisa Ustawi wa Jamii apewe nakala pia, maana suala la mtoto ni lake. Jalada la polisi linakwenda kwa njia yake, halizuii haya. Na kama huna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imetuweka sisi wasaidizi wa kisheria kwa ajili hiyo, huduma yetu hailipiwi.

Nigusie na daftari jingine, kwa wajumbe wa kamati mnaosoma. Kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichoongezwa 2016, kinampa miaka thelathini anayempa mimba mwanafunzi. Hicho wengi mnakijua. Ambacho hamkiulizii ni kwamba kinamtaka pia mkuu wa shule atunze kumbukumbu za kila ndoa na mimba ya mwanafunzi, na apeleke taarifa kila robo mwaka pamoja na hatua zilizochukuliwa. Hapa Kasulu nimekaa na familia za mabinti wawili ambao kesi zilikufa, na mara zote mbili shuleni hapakuwa na hata mstari mmoja ulioandikwa. Waraka Na. 2 wa 2021 uliwarudisha mabinti darasani, na aliyeutangaza akiwa Waziri wa Elimu, Profesa Ndalichako, ni mtu wa hapa hapa Kasulu. Jambo kubwa na jema. Lakini binti hawezi kurudi vizuri shuleni ambako hakuna aliyeandika aliondoka lini na kwa nini.

Mwembe wa Ujiji:

Nimesoma yote tangu nilipoandika. Habari ya Urambo imenigusa. Swali langu ni moja: ikiwa ni hatari kiasi hiki kwa mwalimu na kwa mtoto, kwa nini serikali isifute moja kwa moja? Kenya walifuta 2001.

Mstaafu Isevya:

Wapo wanaodai hivyo kwa miaka mingi, na mimi siku hizi niko upande wao. Bukoba mwaka 2018 mtoto wa miaka kumi na mitatu alipoteza maisha baada ya kuchapwa shuleni kwa tuhuma ya wizi wa mkoba wa mwalimu. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu mmoja adhabu ya kifo, mwingine akaachiwa. Nilipoisikia redioni nilikaa chini. Mtoto amekufa. Mwalimu amehukumiwa kufa. Na mkoba ilielezwa ulikuwa umesahauliwa kwa dereva wa bodaboda.

Nilichapa watoto miaka thelathini na kitu. Baadhi nakutana nao hapa sokoni, wananiamkia kwa heshima. Kuna mmoja hanitazami usoni, na najua sababu.

Lakini hadi siku itakapofutwa, kanuni iliyopo ni hii, na haifuatwi. Tuanze nayo.

Mama wa Kibirizi:

Mrejesho wa kwanza. Jana jioni walikuja nyumbani wazee wawili wa mtaa wakiwa na mwalimu mwenyewe. Kijana mdogo, nadhani hajafika thelathini. Waliniletea elfu hamsini ya matibabu na ombi la kufuta jalada. Mzee mmoja akasema, mama, huyu ni mwanao pia.

Hela nimeikataa. Nimewaambia matibabu nilishalipa, na jambo la polisi si langu la kuuza. Halafu nikamuuliza kijana, zile kanuni umewahi kuziona? Akasema hajawahi. Nilikuwa nimezichapisha kwenye stesheneri ya pale Mwanga, nikamkabidhi nakala. Alizisoma pale pale kwenye mkeka, taa ya sola ikimulika karatasi, wazee wakisubiri. Alipofika penye fimbo nyepesi inayopindika alisimama, akarudia. Aliomba kuondoka nayo.

Binti yangu alikuwa ameketi mlangoni. Mwalimu alimwambia, nisamehe. Hakumjibu. Sikumlazimisha ajibu.

Chaki Nyeupe:

Mama umefanya vema kuikataa. Na mimi nina mrejesho. Leo nimemwandikia mwalimu mkuu wangu barua kuomba idhini ya maandishi kama kanuni inavyotaka, au aniambie nisichape kabisa. Ameisoma akacheka, halafu akaacha kucheka. Amesema tutaongea Ijumaa kwenye kikao cha walimu. Fimbo nimeitoa mezani tangu Jumatatu. Siku ya kwanza kelele zilikuwa nyingi mno, sikujua nifanye nini na mikono yangu. Siku ya tatu nimeanza kuwagawa makundi, kila kundi na kiongozi wake. Bado ni kelele, lakini wanaandika.

Tumbaku Chungu:

Mwalimu, Mungu akutie nguvu. Utuambie Ijumaa ikoje.

Mama wa Kibirizi:

Mrejesho wa pili, naandika usiku huu, kikao kilifanyika siku chache zilizopita.

Kamati tumekaa saa tatu nzima. Niliwasomea kanuni kwa sauti, moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja nikauliza, je, sisi tunafanya hivi? Wajumbe walinyamaza mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Mwenyekiti alitaka tupitishe azimio la "kuimarisha nidhamu", nikamwomba tuandike kitu kinachoonekana. Tukakubaliana: fimbo zote zirudi ofisini. Mwalimu yeyote asichape bila mwalimu mkuu. Kitabu kifunguliwe upya, na mjumbe mmoja wa kamati akikague kila mwezi. Mjumbe huyo wamenichagua mimi. Hatukukubaliana kuhusu kuacha viboko kabisa, wazazi wengi bado wanavitaka, na nilishindwa kwa kura.

Kaunta buku nimelinunua mwenyewe. Mwalimu mkuu alipiga mistari kwa rula mbele yetu. Nilipendekeza safu moja zaidi, ambayo kanuni haiidai: "Maelezo ya mwanafunzi". Akafikiri, akaipiga.

Leo nilipita shuleni. Kuna mstari mmoja tayari. Mvulana wa darasa la saba, kosa kumpiga mwenzake kwa bakora, viboko viwili, mwalimu wa zamu, saini ya mwalimu mkuu. Kwenye safu ile mpya mtoto ameandika kwa mkono wake: "Alimtukana mama yangu ambaye ni marehemu." Mwalimu mkuu akaniambia alivipunguza kutoka vinne baada ya kuusoma mstari huo. Tuliutazama pamoja kwa muda.

Suala la mwalimu yule bado. Barua ya Tume imepokelewa, muhuri ninao. Jalada la polisi lipo. Binti anashika kalamu sasa, kidole cha kati bado hakikunji vizuri. Hesabu za sehemu nimemtafutia kaka mmoja wa jirani anamfundisha jioni. Kumbe alikuwa haelewi tu kutafuta kigawe kidogo cha shirika, hakuna aliyewahi kumuuliza amekwama wapi.

Nina ombi moja kwenu mliosoma hadi hapa. Kama una mtoto shule yoyote, Kigoma, Tabora au popote, nenda wiki hii ukaombe kukiona kitabu. Nenda kwa heshima. Mje mtuandikie hapa mmekuta nini na mstari wa mwisho ni wa mwaka gani.

Stesheni ya Nguruka:

Nimeenda leo asubuhi. Mwalimu mkuu hakuwepo, makamu amesema hajui kitabu hicho kinakaa wapi, nirudi Jumatatu. Nimemwambia nitarudi. Nimemkuta mwanangu uwanjani, hakujua nimefuata nini, amenipungia mkono.

Chaki Nyeupe:

Kikao cha Ijumaa kimefanyika. Walimu kumi na wawili, saba tumekubali kuandika. Watano wanasema wanasubiri waraka. Kitabu cha shule yetu kimepatikana stoo, chini ya mifuko ya mahindi. Mstari wa mwisho ni wa 2011.